Ulanga wa Ndani ya Ufa

Mtaani walimwita Mama Mawe, wala hakuchukia. Nyumbani kwake mawe yalijipanga juu ya friji, mengine yakazuia mlango usipigwe na upepo, na mumewe alishazoea kuuliza kabla ya kutupa chochote kigumu. Alifundisha jiolojia chuoni, lakini miaka yote alihangaika na swali moja: ile safu ya milima nyuma ya mji ilijengeka lini, na iliporomoka lini?

Swali la kujengeka alikuwa amelipatia jibu. Ndani ya jiwe gumu la kiini cha milima mna vipunje vya madini ya zirkoni, vidogo kuliko chembe za chumvi. Uraniamu iliyomo hugeuka madini ya risasi polepole, kwa mwendo usiobadilika, na anayeujua mwendo huo huujua umri. Miaka milioni mia sita hivi. Kuporomoka ndiko kulikomtoa jasho. Alihitaji ulanga, yale madini ya magamba yanayometa, uliozaliwa ndani ya ufa wenyewe, pale milima ilipoteleza, na ufa huo ulikuwa umejificha chini ya udongo na msitu.

Mpaka walipokuja kuupasua mlima wapitishe barabara.

Msimamizi wa baruti alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, mtu wa mizaha. Ndiye aliyempigia simu asubuhi ile.

"Shemeji, njoo uone, mlima umefunguka tumbo! Kuna jiwe jeusi limejikunja kama shuka la mtoto msumbufu, na linameremeta. Ila wahi. Mchana tunalipua, hutaliona tena."

Alifika akavishwa kofia ngumu iliyompwaya. Ukuta wa mwamba ulisimama uchi, na katikati yake ukapita mkanda mweusi, ulanga uking'aa juani.

"Baruti bado hatujatia," shemeji alimwambia, safari hii bila mzaha. "Lakini mlipuko wa jana umeulegeza ukuta huu. Chukua kipande cha hapa chini, uondoke."

Cha chini kilikuwa kimeoza. Kilimvunjikia mkononi kikawa vumbi. Ulanga ulioliwa na maji hudanganya umri. Kizima kilikuwa juu kidogo ya kichwa chake. Akapanda kwenye kifusi, akapiga nyundo. Kokoto zikammiminikia shingoni.

"Shemeji, shuka!"

"Kidogo tu!"

"Hiyo kidogo ndiyo inayoua watu! Shuka, nakwambia!"

Akapiga tena. Jiwe likatoka zima, akalikumbatia. Hapo ukasikika mlio, si mkubwa, kama boriti inayokatika ndani ya dari. Yeye hakuuelewa. Shemeji aliuelewa. Wenzake walipoukimbia ukuta, yeye aliukimbilia, akamshika Mama Mawe mkanda wa suruali, akamrusha kando. Vumbi lilipotulia, Mama Mawe alikuwa na mchubuko wa kiwiko na jiwe kifuani. Shemeji alikuwa amelala kifudifudi, mguu umebanwa chini ya bamba la mwamba, akiuma kola ya shati asipige kelele.

Mdogo wake Mama Mawe alifika hospitali na kandambili zisizofanana. Alisikiliza kisa chote amesimama, mgongo ukutani.

"Dada," alisema, "milima yako ilishakufa. Mume wangu alikuwa mzima."



Mguu haukukatwa, ila ulifungwa vyuma, na mdogo mtu akaacha kupokea simu za dada yake. Chuoni, Mama Mawe alilitwanga jiwe, akalichekecha, akainama kwenye hadubini akiokota vipande vya ulanga kwa kibano. Akavituma ng'ambo, kwenye maabara yenye mashine ya kupima gesi inayojikusanya ndani ya ulanga kadiri unavyozeeka. Kisha akangoja. Kama jiwe lile lilipashwa moto upya baadaye, lingetoa umri wa uongo, na mguu wa mtu ungekuwa umevunjika bure. Hofu hiyo hakumwambia mtu, hata mumewe. Chakula kilikuwa hakipiti.

Majibu yalipokuja alienda nayo moja kwa moja nyumbani kwa shemeji. Mdogo wake alifungua mlango, hakusema karibu wala toka, akaondoka akauacha wazi.

Shemeji alikuwa kwenye kochi, mguu juu ya stuli.

"Haya, sema. Mguu huu una haki ya kujua."

"Milima ilisimama miaka kama milioni hamsini. Halafu mizizi yake ikapata joto ikalainika, ikashindwa kuubeba uzito wa juu. Milima ikatanuka, ikateleza. Vipande vyote vimetoa umri mmoja."

"Kumbe hakuna aliyeisukuma?"

"Hakuna. Ilijilemea yenyewe."

Shemeji alitikisa kichwa. "Milioni hamsini! Mimi daktari hataki nisimame hata nichemshe chai."

Mama Mawe hakucheka. "Ulinambia nishuke, nikakaidi. Nisameheni."

"Sisi tuko wawili," mdogo wake alidakia kutoka jikoni. "Huyo alishakusamehe siku ile ile, ndivyo alivyo. Mimi bado."

"Sawa."

"Sawa nini? Kaa, ule kwanza. Umekonda kama ufito."

Mguu haukurudi kama zamani. Shemeji alihamishiwa stoo, kazi aliyoichukia waziwazi. Na ilipita karibu mwaka kabla mdogo wake hajampigia dada yake simu bila sababu yoyote, kupiga soga tu.