Mikono ya Eric

Milka, muuguzi anayeishi ughaibuni, mtaa wa Kingstanding, alishazoea kuchekwa na kanisa zima. Alikuwa amejiandikisha agandishwe akifa, eti sayansi ije kumwamsha karne ijayo, na Wakenya wenzake walisema ni wazimu mtupu. Hakujali. Alipenda kuishi, basi, na hakuona haya kusema hivyo.

Kikundi cha waliojiandikisha hivyo kilikuwa kidogo. Mmoja akifa, waliobaki ndio wangemkimbilia na barafu kabla mwili haujaanza kuharibika. Kwa hiyo walifanya mazoezi mtaa wa jirani, Great Barr, kwenye gereji ya mwenyekiti wao Jaspal, Singasinga mzaliwa wa Kisumu. Mwanachama mmoja alijifanya maiti ndani ya beseni kubwa la plastiki, macho kafumba, marufuku kutikisika.

Jumamosi hiyo maiti alikuwa Raksha, msichana wa chuo. Mwanachama mwingine, Eric, alipewa kazi ya kupanga mifuko ya barafu kwapani na mapajani. Mfuko ulishakaa sawa, mkono wake ukabaki palepale ukipapasa, naye anatabasamu kama mtu anayeonja mchuzi. Raksha alizidi kufumba macho. Milka aliukamata mkono ule akautupa kando. Ulikuwa na jasho, katikati ya barafu yote ile.

Eric alidai alikuwa anafanya kazi tu. Alipotolewa nje wajadiliane, ikajulikana kwamba hata Cheryl, aliyeacha kuja mwaka jana, alikuwa ameukimbia mkono huohuo. Milka akataka mtu huyo afukuzwe leo hii.

"Dada Milka," Jaspal alisema, kwa upole uliozidi kumchefua, "tukimtoa, siku akikufa nobody will come for him. Hiyo ni kumuua. Sisi ni watu wa uhai. Tumpe warning."

"Na mimi nikikufa, huyo ndiye atanivua nguo! Sitaweza hata kumpiga kofi."

"Tutapanga rota. Wewe hatakugusa."

"Na Raksha je? Unamhurumia Eric wa karne ijayo, na huyu msichana analia hapa mbele yako!"

Kura zikapigwa. Walitazama sakafu, lakini mikono waliinua: Eric abaki. Watu wazima, wenye mabinti nyumbani! Milka aliwatazama akaona kinyaa, hata chai yao haikunyweka.

Akaivua bangili yenye namba ya kupigiwa siku atakapokufa, akaiweka mezani. Bado alitaka sana kuishi.

"Milka, fikiria vizuri," Jaspal akasema. "Ukitoka hapa utazikwa. Utaoza, uliwe na funza."

"Afadhali funza," Milka akamjibu. "Hao angalau hungoja mtu afe kwanza."