Asali Isiyoonjwa

Padre aliyetufundisha historia misheni, kule Ushirombo, aliwapenda mno wafalme wa Ulaya wa karne ya kumi na nane waliosoma falsafa. Walikuwa na amri yote mikononi, alisema, lakini waliitumia kwa faida ya watu: walifuta mateso mahakamani, wakajenga shule, wakawaamuru wakulima wapande viazi. Niliuliza kama wakulima waliulizwa. Darasa zima likacheka. Padre naye akacheka, akasema mfalme alikwisha kuwafikiria.

Nilikuja kumwona mfalme wa namna hiyo kwa macho yangu, kavaa kaptura.

Miaka ile ya thelathini malale, ugonjwa wa usingizi, ilikuwa ikitumaliza. Bwana Shauri wetu, yaani mkuu wa wilaya, Mwingereza kijana asiyejua kufoka, alitoa amri watu wahame porini, wakakae katika kijiji kimoja kikubwa kilichofyekwa ili mbung'o, inzi wanaoueneza, wasiwafikie. Kurudi porini, marufuku. Baba yangu alikuwa mrina asali. Mizinga yake ilitundikwa ndani kabisa ya pori hilo, mingine aliachiwa na babu, na hakuwa na kazi nyingine wala hakuitaka.

Akaenda kuomba ruhusa ya kuingia msimu wa kurina tu. Nilikuwa likizoni, nikafuatana naye. Alibeba kibuyu cha asali, kwa sababu kwa warina asali wa kwetu mwenye shida humpa mkubwa asali kwanza. Mkubwa akishaonja, ndipo unasema. Asipoonja, shauri lako limekwisha, na ukiendelea kusema unajivunjia heshima.

Bwana Shauri alikisukuma kibuyu kwa vidole viwili.

"Hapana, mzee. Mimi sipokei zawadi. Hapa maskini na tajiri ni sawa."

Baba akanyamaza. Mimi nikaeleza kwamba si hongo, aonje tu. Akanishika bega kwa upole.

"Wewe umesoma, utanielewa."

Kisha akamwonyesha baba mbung'o ndani ya chupa, akaeleza kwa Kiswahili safi, bila haraka, akamaliza kwa kuuliza, "Una neno, mzee?"

Baba alikuwa na maneno ya kutwa nzima. Akatazama chini.

"Vizuri," alisema Bwana Shauri. "Laiti wote wangekuwa wepesi wa kuelewa kama huyu."

Hasira niliyokuwa nayo sikujua niipeleke wapi, na mpaka leo sijui. Tulihama. Baba akapewa jembe na mbegu za karanga, bure. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa ameanza kusinzia na tonge mdomoni, alichomwa sindano pale kijijini, akapona, akaja akaolewa, akazaa. Angekuwa mtu mbaya yule bwana, tungemchukia tukapumua.

Jioni moja alipita kukagua, akamkuta baba amekaa mlangoni, mikono mitupu. Akamuuliza kama watoto ni wazima.

"Wazima, bwana," baba akajibu. "Asante."

Ilikuwa kweli, wala hakuulizwa jingine.