Kuku wa Mtihani

Leo nimepaka ubao wangu wa kufundishia weusi kwa majani ya muhogo na unga wa betri kuukuu za redio. Ile harufu kali imenirudisha kwenye miaka yangu sita.

Nilikuwa nimejifunza kusoma kwa kuchungulia dirishani mwa shule yetu pale Wamaza. Mama alitaka nipimwe, niingie moja kwa moja darasa la tatu. Kaka yake, mwalimu wa pale, akasema atanipima yeye.

"Wewe ni mujomba wake, utamusifu bure," mama akakataa. "Namupeleka kwa yule madamu, mwalimu wa Kasongo, aliyemurudisha hata mutoto wake mwenyewe darasa alipoanguka mutihani."

Tulienda kwa pikipiki, kuku wa shukrani mapajani mwa mama. Madamu akamtazama kuku.

"Mumufunge inje. Nikimupokea sasa, nani ataamini neno langu?"

Nilisoma kitabu nisichowahi kukiona. Kisha akanipa hesabu ubaoni. Nikaandika jibu, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mama akafumba macho.

"Unafuta nini, mutoto?"

"Nane iko kombo, Madamu."

"Jibu ao mwandiko?"

"Mwandiko."

Madamu akacheka hadi miwani ikamtoka. Akaandika barua ya kuniingiza darasa la tatu, akagonga muhuri, akamgeukia mama: "Sasa lete kuku yangu!"

Nakiri, hata leo nafuta kupita kiasi. Lakini bado namsikia mama, tuliporudi, pikipiki haijasimama vizuri, akimpigia mjomba kelele:

"Kaka, tafuta kiti! Huyu ametoka dirishani!"