Kopo la Ntate Molupe

Kwa miaka kumi na moja kopo la Ntate Molupe, yaani Baba Molupe, lilining'inia kwenye msumari wa tatu ukutani kwangu. Mimi ni 'Mapuleng, wateja huniita 'M'e, yaani mama; napika pombe ya mtama, na kila mteja wangu wa kudumu ana kopo lake na msumari wake. Lake lilikuwa limebonyea ubavuni, na halikuwahi kupata nafasi ya kukauka.

Asubuhi moja akaja, akasimama mlangoni amejifunika blanketi mpaka masikioni. Hakutazama ukutani.

"'M'e 'Mapuleng, wale watu wanaoacha pombe hukutana wapi?"

"Unaniuliza mimi? Huna haya wewe!"

"Nimuulize nani mwingine? Wewe ndiye unayejua nani haji tena."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka. Binti yake, Lineo, alikuwa na mimba ya kwanza, na kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa wazazi wa mama yake. Lineo alikuwa ametuma ujumbe kwamba atakwenda kujifungulia kwa shangazi, maana hawezi kulaza kichanga katika nyumba ambayo baba anaanguka juu ya jiko. Zilibaki kama wiki nane.

"Kwa nesi 'Mamosa, hapo jirani," nikamwambia. "Jumamosi saa nane mchana. Ukishindwa, msumari wako upo."

Nilimpa siku tatu. Sikumtakia mabaya, ila nawajua wanaume wangu.

Hakurudi. Mkewe ndiye aliyenisimulia. Jumamosi ile Molupe alipita mbele ya nyumba ya nesi mara nne kabla ya kuingia. Alidhani atapigishwa magoti alie mbele za watu. Akakuta watu sita wanakula mkate na kubishana habari za mpira.

"Mimi nimekuja kuangalia tu," akawaambia.

"Hata mimi," mmoja akamjibu. "Naangalia mwaka wa tatu sasa. Kaa."

Wiki ya kwanza alitetemeka vibaya, na nesi alikuwa akimpitia asubuhi na jioni kumpa dawa. Kazi yake ni kukata manyoya ya kondoo, kwa hiyo mikono ndiyo riziki yake. Wiki ya tatu mikono ikatulia, naye akaanza kutoa maoni. Akasema wenye haya kama yeye hawataipata nyumba hii kamwe, basi na wao wainue bendera, kama sisi wauzaji tunavyoinua kuonyesha tunachouza.

Mzozo ukawa rangi. Kijiji kizima kinajua nyeupe ni pombe ya mtama, njano ni ya mahindi, nyekundu nyama, kijani mboga. Molupe akachana ovaroli yake kuukuu ya bluu, akaifunga kwenye mti mrefu, akajisifu wiki nzima. Mimi nilikasirika. Eti waacha pombe nao wana bendera!

Sasa ovaroli kuukuu na jua letu la kiangazi, wewe unategemea nini? Baada ya mwezi ile bluu ilikuwa imekwisha kabisa.

Jumamosi moja nikaona wachungaji watatu wageni, wameshuka kutoka milimani na makopo yao mkononi, wakinipita moja kwa moja kwenda kwa nesi. Nikainua macho. Bendera nyeupe! Nikavua aproni, nikawafuata kwenda kugombana.

Uani wachungaji walikuwa wameshakaa kwenye benchi, na Molupe anawamiminia kwa jagi.

"Mzee," mmoja akatema, "pombe yako imekufa lini? Hatukupewa taarifa ya msiba!"

"Ni tangawizi, kijana."

"Na ile bendera?"

"Bluu ile."

"Bluu! Kondoo unaowakata wewe wana masikio bado?"

Ua mzima ukaangua kicheko, na hapo ndipo Lineo alipotokea langoni na begi lake. Mama yake alikuwa amemwita aje ajionee mwenyewe. Akaiona bendera, akaona makopo, akamwona baba yake na jagi mkononi.

"Nilijua," akasema, akageuka.

Molupe alipiga hatua moja kumfuata, akaishia hapo. Alikuwa amemwapia binti huyu mara ngapi kwamba ameacha? Mikono ikaanza kutetemeka upya, tangawizi ikamwagikia viatu vyake. Moyo uliniuma, nasema kweli. Nikamkimbilia Lineo.

"Simama wewe!"

"'M'e, usimtetee. Si wewe unayemuuzia?"

"Ndiyo mimi! Kwa hiyo utanisikiliza mimi."

Nikamshika mkono mpaka kwangu, nikamwonyesha msumari wa tatu. Akalitungua kopo. Buibui alikuwa ametanda utando mdomoni, na ndani kukavu, kumeanza kushika kutu.

"Tangu lini?"

"Tangu aliponiuliza njia. Wiki ya saba hii. Unadhani nimefurahi? Alikuwa mteja wangu bora!"

Akacheka, machozi yakimtoka. Na mimi yalinitoka.

Akarudi kwa nesi na kopo, akalifuta kwa shuka lake, akamnyooshea baba yake.

"Nitilie na mimi hiyo bluu yako, ntate."

Alimtilia, nusu ikaenda chini. Lineo akanywa iliyobaki yote.

Siku kumi na mbili baadaye mtoto wa kike akaletwa nyumbani kwa Molupe. Nilipokwenda kumwona nilimkuta babu amepiga magoti kando ya beseni, anachota maji ya uvuguvugu kwa kopo lile lililobonyea, anammiminia mjukuu mgongoni. Mkono ulikuwa umetulia kabisa.

"'M'e 'Mapuleng," akasema bila kugeuka, "ule msumari wangu bado upo?"

"Upo. Sijampa mtu."

"Ung'oe."

Nikaenda nikaung'oa.