Samaki Wasiohitaji Mtu

Tulikuwa wanne nyumbani kwetu Sumbawanga mjini: bibi yangu Skolastika, aliyemzaa baba, mama yangu Yustina, kaka yangu Deusi, na mimi Veronika, kitinda mimba. Baba yetu Bonifasi simhesabu, maana miaka ile ya ruksa, kila mtu alipoambiwa ajitafutie, yeye alijitafutia ziwani. Alikuwa Kabwe, kando ya ziwa, na jamaa waliozamia samaki wa mapambo, wale wanaosafirishwa Ulaya wakiwa hai.

Wajukuu zangu wakisahau maua kwenye chupa hadi maji yatoe ile harufu ya kijani, mimi huwa nimesharudi dirishani petu.

Siku moja baba alikuja juu ya lori la dagaa, amepakata ndoo kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Akaunga sanduku la kioo, akatandika udongo, juu yake mchanga, akapanda nyasi za majini ndefu kama utepe, akapanga mawe, kisha akawamimina samaki. Bibi aliwapa majina siku ileile. Askofu, kwa mkanda wake wa njano. Karani, kwa kutotulia kwake. Na Bi Harusi, aliyejificha nyuma ya majani watu wakija. Wengine wawili aliwaita mapacha tu.

Baba akatuambia sanduku lile halihitaji mtu. Jua la dirishani litalisha majani, majani yatawapa samaki pumzi, samaki watakula ule ukijani unaoota kwenye mawe. Tusiwape chochote, tuongeze maji tu yakipungua. Kesho yake akaondoka.

Mimi nilikaa dirishani kila nilipotoka shule. Nilijiambia kwamba samaki wakiwa hai, baba atarudi kuwaona. Wakifa, atarudi kufuata nini?

Bibi hakuweza. Katika maisha yake hakuwahi kula mbele ya kiumbe asiyekula. Wageni wa Boni, ndivyo alivyowaita, na mgeni kwetu Ufipa hata akikataa humegewa. Basi kila tulipokula ugali wa ulezi, alifinyanga vipande vidogo, akawadondoshea akiwaomba radhi kwa kukosa mboga. Deusi alimtania kwamba samaki wanakula kuliko yeye. Bibi akamjibu kwamba wao hawachungulii sufuria.

Maji yakachafuka kama togwa. Majani yakavaa utelezi. Karani alikufa wa kwanza, kisha Askofu, kisha mapacha. Bi Harusi alielea juu akihema, mashavu yamevimba. Bibi alilia kwa kweli, akasema ameua wageni wa mwanawe.

Mama alikuwa ametoka shambani kupiga matuta. Alichota nusu ya maji yale kwa kata, polepole, akarudishia maji safi, akaweka pazia mbele ya sanduku, upande wa chumbani. Kisha akamwambia bibi kwa adabu, akiwa amepiga goti, "Mama, nyasi tukishazizika tutani ziwe mbolea, huwa tunazifukua kila siku tuone kama zimeoza?"

Bibi aliguna. Hakuligusa tena.

Yalichukua muda. Nilichungulia pembeni ya pazia, nikaona maji yanaanza kung'aa, majani yanatoa ncha mpya. Siku moja Bi Harusi akafumbua mdomo, na vitoto vyake vikatoka humo, kimoja kimoja, kama punje za uwele zenye macho. Kumbe hakuvimba kwa ugonjwa.

Baba aliporudi, kiangazi kilikuwa kinaisha. Alisimama mbele ya kioo, akaona vitoto vimejaa, wala hakuwahesabu wakubwa, akacheka kwa raha. "Si niliwaambia? Hawahitaji mtu."

Deusi akafungua mdomo. Mama akamtuma kuni. Mkwe hamwaibishi mama mkwe mbele ya mwanawe, kwetu ndivyo ilivyo. Akampakulia mumewe, akasema safari njema ni ile ukirudi unakuta nyumba nzima.

Baba aliondoka na moyo mwepesi. Alisogea Kasanga, akavuka upande wa Zambia. Dereva mmoja wa lori alituletea salamu zake. Baada ya hapo hata salamu hazikuja.

Miaka mingi nilimlaumu yeye peke yake. Mama alikuwa mzee, namkanda miguu, aliposema bila kuulizwa, "Vero, nilimfichia bibi yako aibu, nikamfungulia baba yako mlango." Nikaendelea kumkanda. Ndipo nilipoelewa kwamba siku ile sote tulimwonyesha maji safi, wala hakuna aliyemwambia tulivyomngoja.

Mimi niliishia darasa la nne, ila majina siyasahau. Deusi akisema Askofu ndiye aliyetangulia kufa, tutabishana. Lakini ninyi wa Kasanga na wa ng'ambo, mliomfahamu Bonifasi wa Sumbawanga: nimeandika kwamba hakurudi kwa kuwa alidhani tunaweza bila yeye. Kama kulikuwa na sababu nyingine, au kama alikuwa njiani, naomba mnisahihishe.