Hita ya Pikapu ya Mama

Wiki iliyopita fundi mmoja pale Chimala alifungua boneti ya pikapu yangu, akaitazama mipira miwili inayopeleka maji ya moto kwenye hita ya kupasha joto ndani ya gari, akaniambia, "Dada, hii tuizibe tu. Hita ya nini Afrika?" Nilifunga boneti nikaondoka. Yeye sikumweleza kwa nini. Wewe nitakueleza.

Pikapu ilikuwa ya mama. Tuliishi mlimani juu ya Mbeya, kule ambako mwezi wa sita majani huamka meupe kwa baridi. Mama alifuata vifaranga wa siku moja Iringa akawaletea majirani. Kazi yangu ya asubuhi, kabla ya chai na viazi vya kuchemsha, ilikuwa kuminya mipira ile injini ikiwa bado haijawashwa. Mpira ukibonyea kama embe lililoiva mno, nimwite mama. Wenye magari wengine walijaza rejeta maji ya mtoni. Mama alitia kulanti, dawa ya rejeta ya dukani, akisema maji matupu huleta kutu na kutu huziba hita. Walimcheka sana.

Siku moja ya mwezi wa sita mpira mmoja ulipasuka tukiwa Igawa, maboksi ya vifaranga yako miguuni pangu. Fundi wa pale akataka kuiruka hita, aunge mipira moja kwa moja. "Mama, utafika tu, gari haichemki." Gari ingefika kweli. Vifaranga wangekufa kwa baridi mlimani.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," mama alimjibu. "Njoo ulale kwangu mwezi huu, ndiyo utajua hita ni ya nini."

Akasubiri injini ipoe. Akakata ncha iliyopasuka, akauvuta mpira uliobaki, akaurudishia na kukaza klipu kwa bisibisi yake mwenyewe, wanaume wamesimama wanamtazama. Niliona fahari hata nikasahau njaa.

Jioni tulifika kwenye ukungu. Mama alifungua maboksi kabla ya kumsalimia mtu yeyote. Vifaranga wote walikuwa wanalia.

Siku hizi vifaranga huletwa na basi. Majirani wengi wamehamia mjini, na mama tumemzika kwenye udongo ule ule wa baridi. Kaka yangu anasema nabembeleza chuma chakavu. Aseme. Nikianza kupanda mlima naiwasha hita mpaka mwisho, jasho linanitoka, na kiti cha pembeni hakina mtu.