Krem ya Wiski katika Kongelateri ya Samaki

Mi si mtu wa kukaa. Uliza mtu yeyote hapa Kolwezi anayenijua. Niliacha shule darasa la nne nikashika koleo, nikachimba mgodi wa Mutoshi mpaka viganja vikawa kama soli ya kiatu. Wenzangu walipojilaza mchana chini ya turubai, mi nilikuwa nazunguka kuuliza nani ana gari bovu analotaka kuliuza. Leo nina makamio, malori makubwa yanayokwenda Dilolo na kurudi, na nyumba yenye vigae mpaka jikoni. Yote hayo nimeyapata nikiwa nimesimama. Kwa hiyo mke wangu aliponiambia anaondoka kwa sababu mi sikai, kwanza nilicheka.

Yeye hakucheka. Alikwenda Lubudi kwa mdogo wake, na baadaye akampigia binti yetu simu: Jumapili atakuja na gari la kukodi kuchukua kongelateri yake, ile friza ya samaki.

Ile kongelateri ni yake kweli. Aliinunua kwa jasho lake, akiuza tomsoni, wale samaki wa kugandishwa, mlangoni kwetu tangu wakati mi bado nalala na vumbi la mgodi masikioni. Ndiyo maana nilielewa vizuri. Mwanamke akija kuchukua nguo, bado anaweza kurudi nazo. Akija kuchukua kongelateri, amehama.

Chanzo kilikuwa glasi moja ya krem ya barafu. Binti yetu alipomaliza masomo yake Lubumbashi, niliwapeleka yeye na mama yake kwenye hoteli kubwa, ya vitambaa vyeupe mezani. Mhudumu akatuletea glasi zenye mguu mrefu: mipira miwili ya krem, juu yake wiski na likeri ya kahawa, ile pombe tamu, na chokoleti iliyokunwa. Mke wangu hata bia hanywi. Alionja kijiko kimoja akafumba macho. Nimeishi naye miaka mingi, lakini namna ile ya kufumba macho nilikuwa sijaiona. Nilitaka kumwangalia zaidi, ila simu ikalia: kamio limekwama kwenye matope. Nikasema narudi sasa hivi, nikatoka nje. Unajua simu za madereva. Mmoja anamaliza, mwingine anaanza. Niliporudi glasi yake ilikuwa tupu na yangu ilikuwa maji ya kahawia.

Akaisukuma mbele yangu. "Kunywa supu yako, Tata."

Njia nzima ya kurudi Kolwezi alitazama dirishani. Mi nilidhani ni ile likeri.

Basi nikapanga: akija Jumapili, kabla ya mtu yeyote kugusa kongelateri, nitamwekea mbele yake glasi kama ile ya hoteli. Nitaitengeneza mwenyewe. Kununua nisingenunua. Kila mtu anajua kwamba mi naweza kununua.

Jumamosi asubuhi nilivaa tablie ya mke wangu, ile aproni yake ya kuuzia samaki, nikapanga mezani makopo ya maziwa mazito, paketi za krem, vanila, wiski na likeri. Binti yangu alikuja na simu yake, kuna video anataka kunionyesha. Nikamwambia mtu aliyefungua injini ya kamio porini, akaifunga tena na ikawaka, hafundishwi maziwa na simu. Nilipiga krem kwenye ndoo kwa mkono mpaka ikasimama. Nikamwagia maziwa. Halafu wiski, na mi nikimwaga namwaga kama mwanaume. Nikaingiza ndoo kwenye kongelateri, nikafunga.

Nikafungua. Bado.

Nikaenda mpaka kwenye lango, nikarudi, nikafungua. Nikapiga simu Dilolo, simu ikiwa bado sikioni nikafungua. Krem ilikuwa inacheza ndani ya ndoo kama maji ya kuoshea vyombo. Umeme nao ukakatika, nikatoka kuwasha jenereta, na nilipoingia binti yangu alikuwa amesimama juu ya ndoo na kijiko mkononi, ameshika pua.

"Papa, wiski uliweka ngapi?"

"Ya kutosha."

"Pombe haigande, Papa! Ile unaweka ku mwisho, mu glasi. Ni bile bilikuwa mu video." Akaonja tena, akashikilia sinki kwa kucheka. "Na iko na harufu ya tomsoni. Papa, umepika makayabo ya sukari!"

Nikaonja. Makayabo, yule samaki wa chumvi, ana heshima yake kuliko kile nilichokionja.

Hapo nilipaswa kukasirika, lakini muda ulikuwa unakwenda. Tulimwaga yote. Niliisugua ile kongelateri kwa ndimu na siki, kona kwa kona, magoti yangu yakiwa chini kwenye vigae vyangu mwenyewe, kisha tukaweka vipande vya makaa kwenye sahani ili vinywe harufu. Nikatengeneza krem nyingine, ndoo mbili safari hii, bila tone la wiski, tukazifunika na kuzifunga kwa plastiki. Binti yangu akafunga mfuniko wa kongelateri, akapanda, akakaa juu yake.

"Shuka nione kidogo tu."

"Sishuke. Kila ukifungula, baridi inatoka. Enda ku depo yako."

Nilienda depo. Nikahesabu matairi ambayo hayakuhitaji kuhesabiwa, nikagombana na fundi aliyekuwa hana kosa, nikarudi. Bado amekaa pale, anasuka nywele zake.

"Bado?"

"Papa! Hata robo ya saa haiyaisha."

Mlangoni mama mmoja jirani alikuwa anabisha, na beseni lake kichwani.

"Mama iko?"

"Haiko."

"Na samaki?"

"Haiko."

"Sasa tata, tablie umevaa ya nini? Unauza nini?"

"Siuzi kitu."

"Ee!" Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Mama akirudia, mumupige foto. Bila foto hataamini."

Alisema "akirudia" kama vile ni jambo la kesho. Nilifunga mlango, nikazunguka nyumba mara nyingine.

Jumapili baada ya misa honi ikalia langoni. Gari la kukodi, dereva, na vijana wawili wa kubeba. Mke wangu akaingia na kitenge ambacho sikukijua.

"Jambo, Tata."

"Jambo, Mama. Karibu. Ikala kwanza."

"Niko na haraka. Bantu ba gari banangoya."

Haraka! Yeye! Akapita moja kwa moja jikoni, akafungua kongelateri. Akanusa. Akaona ndoo.

"Hii ni nini?"

"Krem."

"Nani alitengeneza?"

Binti yetu akanionyesha kwa mdomo.

"Bongo," mama yake akasema. Kwetu bongo ni uongo.

"Mama, nilikala hapa juu siku nzima kumukataza kufungula."

Nilishusha glasi zenye mguu, nilizokuwa nimezinunua. Nikachota mipira miwili kwa kila glasi. Ilikuwa imeshika sawasawa, kijiko kilipinda. Nikamwaga wiski kidogo tu, kidogo cha kweli, likeri ya kahawa juu yake, nikakuna chokoleti. Nikaweka mezani.

"Ikala, Mama."

"Ikala we kwanza."

Nikakaa. Naye akakaa. Binti yetu akatoka kimya, akaenda uani.

Mke wangu hakuwa ameinua kijiko bado, simu yangu ikaanza kulia. Ilikuwa mezani, inatetemeka, inasogea yenyewe kuelekea glasi yangu. Niliona jina: dereva wa kamio la Dilolo. Yule hapigi Jumapili bila sababu. Mguu wangu ukaanza kucheza chini ya meza.

"Telefoni inalia, Tata."

"Naisikia."

"Pengine gari imeanguka."

"Pengine."

Alikula kijiko cha kwanza. Polepole. Namjua: alikuwa anakula polepole makusudi. Simu ikanyamaza, ikaanza tena. Nikafikiria mzigo, nikafikiria daraja, nikafikiria gari limelala ubavu na watu wanachukua magunia. Nikachota krem nikameza bila kujua ladha. Nje honi ikapigwa, ndefu. Mkono wangu mmoja nilikuwa nimeukalia.

"Harufu ya tomsoni iko kidogo," akasema.

"Kidogo."

"Haitoke ile. Ni kongelateri ya kazi." Alisema kwa majivuno, na mi majivuno nayajua. Kisha akachota tena, na safari hii akafumba macho. Nikamwona vizuri, mpaka alipoyafumbua.

Alikwangua glasi mpaka chini. Akainuka, akafungua kongelateri tena, akasimama mbele yake.

"Ndoo mbili. Sasa nitaibeba namna gani na bitu mu ndani? Itayeyuka mbele ya kufika Lubudi."

 Nikashika kijiko changu, nikachota tena.

Akatoka mpaka langoni. Nilimsikia dereva analalamika: "Mama, tumetoka kule kote juu ya bure?"

"Muende tu. Siku ingine nitabaita."

"Siku gani?"

"Krem ikiisha."

Gari likawaka. Kabla hajarudi ndani, mke wangu alipita kwanza dirishani na kuchungulia jikoni, kutazama kiti changu. Simu ilikuwa inalia mara ya tatu. Mguu ulikuwa unacheza chini ya meza hata kijiko kinagonga ndani ya glasi, lakini kwenye kiti nilikuwepo.